Bakuli la Mtoto Asiye na Kaburi

Incheon, 24 Agosti 1990

Dada Jeomrye,

Nimepata barua yako ya kunikumbusha siku ya kufyeka nyasi makaburini. Nakujibu mapema ili usinihesabu. Sitakuja kufyeka, na sikukuu yenyewe ya mavuno, Chuseok, sitakuja pia. Baba Mdogo atafute mtu mwingine wa kumimina pombe mbele ya mababu.

Najua utasema nimelewa dini. Dada, sijalewa. Kwa mara ya kwanza tangu mwanangu Sodam atutoke nalala usiku na kuamka asubuhi kama watu wengine. Kuna kanisa dogo hapa, ghorofa ya tatu juu ya duka la tambi, tuko kama watu sitini. Mchungaji amehesabu miaka yote ya Maandiko, na hesabu inafikia Jumapili ya tarehe 21 Oktoba, saa tisa alasiri. Saa hiyo Bwana anakuja kuwachukua walio wake. Wafu ndio watakaotangulia kuamka, halafu sisi tulio hai tutanyakuliwa tuwakute hewani. Baada ya hapo dunia itaachwa kwenye dhiki.

Mchungaji ametufundisha pia asili ya matambiko ya Chuseok. Anasema wanaokuja kula kwenye meza ile si baba wala babu, ni mapepo yaliyovaa sura zao. Kwa hiyo nisipokuja si kiburi wala uvivu. Naogopa kuwalisha adui zetu kwa mkono wangu.

Nimeacha kazi kiwandani. Piano zitawambwa nyuzi na wengine kwa miezi hii miwili iliyobaki. Yeonsil hajambo, anakusalimu.

Msomee Mama sehemu utakazoona zinafaa. Halafu umlete huku kabla ya tarehe hiyo. Nakuomba sana.

Mdogo wako,
Gihwan

*

Bamgol, 31 Agosti 1990

Gihwan mdogo wangu,

Barua yako nimemsomea Mama salamu tu. Mengine nimeyaruka. Akaniuliza, "Karatasi nzima hiyo ni salamu?" Nikamwambia mwandiko wako mkubwa. Kwake wewe bado unatengeneza piano, na mwaka huu kazi ni nyingi, zinakwenda kwenye meli. Kama nimetenda dhambi utaniombea huko juu ya duka la tambi.

Baba Mdogo sikumdanganya, maana yeye hadanganyiki. Alikuja na mundu wake begani, nikamwambia huji. Akavuta sigara nzima. Halafu akasema, "Kaka yangu alizaa mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo mmoja ni huyu?" Akapanda kufyeka peke yake, mzee wa miaka sabini. Nilimfuata na reki. Kaburi la Baba limepata ufa upande wa juu, mvua za Julai zimekokota udongo. Tumeliziba na kupanda majani upya.

Mambo ya hesabu ya Maandiko mimi siyajui. Ninachojua ni kwamba Mama anasema mwaka wa vita, wanajeshi walipopita hapa mara mbili, kwenda na kurudi, watu wote walisema dunia imekwisha. Yeye alikuwa na mimba yako wakati huo. Anasema alikaa siku tatu shimoni na gunia la viazi vitamu, akingoja dunia iishe, na siku ya nne akatoka kwa sababu viazi viliisha kwanza.

Nauliza jambo moja ambalo hukuliandika. Unataka Bwana aje, au unataka Sodam aje? Sikulaumu. Nataka kujua tu ninazungumza na nani.

Jumatatu ni siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba kwa kalenda ya mwandamo. Mama anataka nimsindikize kwenye hekalu la Wabudha kule juu. Miaka miwili hii amekuwa akipanda peke yake na hataki kusema anafuata nini. Magoti sasa yamemshinda, kwa hiyo siri yake itabidi itembee na mimi.

Dada yako,
Jeomrye

*

Incheon, 9 Septemba 1990

Wifi yangu Jeomrye,

Tafadhali barua hii usimsomee mtu. Naiandikia kiwandani, wakati wa chakula, nyuma ya cherehani.

Nina mimba ya miezi mitatu. Gihwan anajua. Hakuwaandikia kwa sababu huko kanisani jambo hili limekuwa aibu. Mchungaji alisoma mstari ule unaowasikitikia wanawake wajawazito wa siku za mwisho, akafunga kitabu, akanitazama. Baada ya ibada kina mama wawili walinishika mikono. Mmoja akasema, "Dada, mwenye mzigo hanyakuliwi. Utabaki chini na mwenzio anakwenda." Mwingine akaniambia kuna daktari karibu na soko la samaki, haulizi maswali. Jumatano iliyopita alinifikisha mpaka mlangoni kwake. Nikasema nina kiu, nikaenda kununua maji, nikapanda basi.

Nilimweleza Gihwan yote. Wifi, angesema "nenda" ningemchukia na mambo yangeisha. Angesema "usiende" ningemfuata mpaka huko hewani. Hakusema neno. Alikaa anatazama viganja vyake mpaka chai ikapoa. Mimi naogopa ule ukimya kuliko ninavyomwogopa daktari.

Nilimzika mtoto mmoja bila kaburi. Huyu sitamtoa kwa mikono yangu.

Je, kuna nafasi ya mtu mmoja kwenye kile chumba cha kuanikia pilipili? Naweza kuvuna, naweza kushona, naweza kumwogesha Mama. Ukikubali niandikie kwa anwani ya kiwanda, uandike neno moja tu. Gihwan asijue mpaka tarehe yao ipite.

Wifi yako,
Yeonsil

*

Incheon, 17 Septemba 1990

Dada,

Yeonsil ameondoka. Nilirudi kutoka kwenye maombi nikakuta wali umepikwa, nguo zangu zimekunjwa, na kikaratasi: "Usinitafute kabla ya tarehe yako. Baada ya hapo kama bado upo, tutaongea."

Amekuja huko? Kwao Mokpo nimepiga simu, kaka yake amenitukana na kukata. Dada, zimebaki wiki tano. Kama amekuja huko mwambie arudi. Mwambie simlazimishi jambo lolote. Nijibu haraka.

Gihwan

*

Bamgol, 22 Septemba 1990

Gihwan,

Hapa tupo kama unavyotujua, Mama na mimi na yule mbwa anayebwekea mwezi. Mkeo ni mtu mzima, ana akili kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Mtu aliyekupikia wali kabla ya kuondoka hajaenda kujitupa mtoni. Tulia.

Nataka nikueleze jambo la hekaluni, maana tangu siku ile sijapata mtu wa kumwambia.

Tulipanda polepole, Mama akipumzika kila jiwe. Kule juu kulikuwa na karatasi nyingi nyeupe zimetundikwa kwenye kamba, kila moja ina jina la marehemu. Mama hajui kusoma, unajua. Lakini alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya kushoto, akanyoosha kidole kwenye karatasi fupi kuliko zote, akaniambia, "Nisomee kama wameandika vizuri." Imeandikwa Pyo Sodam.

Nilishindwa kusoma kwa sauti. Mama akadhani wamekosea.

Mtawa aliyetupa chai ni mwanamke wa makamo, ana sauti kavu, hapendi watu wanaolia. Nikamuuliza waziwazi: huku bondeni tunaambiwa mtoto aliyewatangulia wazazi hapewi kilima cha kaburi wala nafasi mezani, sasa nyinyi mnamwekea chakula kwa sheria gani? Akasema, "Kwa sheria iliyoanzisha siku hii." Akanisimulia habari za mtawa wa kale aitwaye Mongnyeon. Mama yake alikufa, akamtafuta kila mahali walipo wafu, akamkuta kwenye nchi ya wenye njaa. Akampelekea wali. Kila mama alipoutia mdomoni uligeuka kaa la moto. Alipokwenda kulia kwa bwana wake akaambiwa, peke yako huwezi, wakusanye watu wote siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, mlishe kwa ajili ya wote wasio na wa kuwalisha, na yeye atapata humo. "Ndiyo asili yake," akasema mtawa. "Wenye wana wa kiume na makaburi mazuri walijiunga baadaye."

Nikamuuliza na Chuseok je? Akacheka kidogo. Akasema hiyo muulize mkulima. Baba Mdogo anasema ni heshima iliyopangwa na wenye hekima wa kale. Wengine husema ilikuwa mashindano ya wanawake wa mfalme kufuma nguo. Mama anasema ni kwamba mpunga mpya umeiva na huwezi kuula mbele ya waliosafisha shamba bila kuwakaribisha. Hakuna aliyenitajia mapepo, mdogo wangu. Labda mchungaji wako amesoma vitabu vingine.

Naandika haya kwa sababu nadhani unaamini sisi wote huku tulimsahau. Mama amekuwa akipanda mlima ule kwa ajili yake, na akaficha ili Baba Mdogo asimzuie na wewe usiumie.

Jeomrye

*

Incheon, 29 Septemba 1990

Dada,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nikampelekea mchungaji. Akasema huo ni mtego mtamu, niichome. Sijaichoma.

Wewe hukuwepo siku ile mtoni, kwa hiyo acha nikueleze. Baba Mdogo alisema mtoto wa miaka mitano hafanyiwi kaburi, achomwe, majivu yakae majini, na tusilie sana maana aliyewatangulia wazazi amewakosea. Amewakosea, Dada. Alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Nilishuka peke yangu na kile kiboksi. Ilikuwa Februari, mto ulikuwa umeganda kingoni, ikabidi nitembee juu ya barafu hadi nipate maji yaliyo wazi. Majivu mengine yalibaki juu ya barafu. Nilipiga magoti nikayasukuma kwa mkono.

Chuseok ya mwaka ule nilivaa nguo za tambiko kama mwana mwema. Niliinama kwa baba wa babu yangu ambaye sikuwahi kumwona, nikammiminia pombe, nikamchagulia peasi lililo bora. Na mtoto wangu hakuwa popote kwenye chumba kile. Nilimuuliza Baba Mdogo mtoto aketi wapi. Akasema, "Nyamaza, wanakula."

Miezi kadhaa baadaye nikaingia pale juu ya duka la tambi kwa sababu ya mvua tu. Mchungaji akaniuliza nina huzuni gani, nikamwambia. Akasema, "Sodam ataamka. Sodam atakukimbilia." Watu wote walikuwa wakimtaja mtoto wangu kwa yaliyopita. Yeye ndiye wa kwanza kumtaja kwa yanayokuja. Uliniuliza nataka aje nani. Sasa unajua.

Kuhusu Yeonsil kuna jambo sikukwambia. Ana mimba. Kina mama wa kanisa walimpa ushauri mbaya na aliponieleza nilinyamaza. Moyoni nilikuwa nafanya hesabu. Nilikuwa nawaza, Sodam akiamka na mama yake asiwepo, mimi nitamjibu nini? Nikamlinganisha mtoto aliyekufa na aliye tumboni, nikasita. Nilisita, Dada, na yeye alikuwa ananitazama nikisita.

Kama atakuandikia, mwambie nilikosea kunyamaza. Lakini tarehe 21 nitakuwa kanisani. Siwezi kutokwenda. Itakuwaje nisipokwenda, halafu aje?

Gihwan

*

Bamgol, 5 Oktoba 1990

Gihwan mdogo wangu,

Nimekudanganya na leo naacha. Yeonsil yuko hapa tangu tarehe kumi na sita. Analala chumba cha pilipili, tumbo linaonekana, anakula wali wa watu wawili. Nilimpa ahadi ya kunyamaza. Juzi kaniondolea ahadi hiyo mwenyewe, baada ya kuisoma barua yako. Ndiyo, nimempa asome. Alikaa nayo huko nje karibu na mtungi wa soya mpaka nikamfuata kumwambia kuna baridi.

Sasa Chuseok ilivyokuwa. Tulipika songpyeon usiku wa kuamkia, Mama anafinyanga unga wa mchele, Yeonsil anajaza ufuta, mimi natandaza majani ya msonobari kwenye chungu cha mvuke. Asubuhi Baba Mdogo akaja, amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya manyoya ya farasi, tayari kuongoza badala yako. Akaanza kukagua meza kama kawaida. Samaki mashariki, nyama magharibi, kunazi hapa, mapeasi pale. Akafika pembeni akasimama.

"Bakuli hili dogo la nani?"

Mama akasema, "La mjukuu wangu."

"Shemeji, mtoto haketi na wakubwa."

"Mtoto wa miaka mitano utamkalisha wapi? Hukai naye, unampakata. Mwambie mumeo wangu ampakate."

Hivyo ndivyo alivyosema, "mumeo wangu," kwa hasira maneno yalimchanganyikia, na hakuna aliyecheka. Baba Mdogo akasema kuna taratibu, tusizivunje tukaja kuchekwa na ukoo mzima. Mama akamjibu kwa upole, "Shemeji, mimi nimezifuata tangu nilipoolewa nikiwa na miaka kumi na saba. Wewe uliposema akatupwe majini nilinyamaza kwa sababu ya taratibu. Mwanangu sasa ameenda kumtafuta mtoto wake mbinguni, kwa sababu hapa kwetu hatukumwekea hata kijiko. Leo ukiliondoa bakuli lile, liondoe na langu, maana karibu nitakuja kukaa upande ule, na mimi sitakaa mahali ambapo yeye hayupo."

Habari zako sijui alizipata kwa nani, mimi nilimsomea salamu tu. Baba Mdogo alisimama. Nilidhani atatoka. Alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, "Nani atamwinamia? Mzee hamwinamii mdogo." Yeonsil, aliyekuwa amejificha jikoni kwa sababu hakutaka amwone, akatoka na tumbo lake akasema, "Mimi mama yake." Akapiga magoti pale mbele ya bakuli. Alipanga kijiko vizuri, mpini upande wa kulia. Sodam alikuwa anatumia kulia?

Baba Mdogo aliendelea na ibada mpaka mwisho. Hakulitazama bakuli lile tena, lakini alipomimina pombe ya mwisho aliniambia pembeni, "Mtoto umpe maji ya wali. Pombe si yake."

Usije sasa kumchukua Yeonsil. Hatakuja. Nenda kwenye tarehe yako. Kama Bwana wako atakuja, na huku Bamgol atafika, si mbali kwake. Kama hatakuja, nauli ya basi unaijua.

Dada yako,
Jeomrye

*

Bamgol, 26 Oktoba 1990

Gihwan,

Siku tano zimepita na hujaandika. Wifi Jeomrye anasema nikuache. Siandiki kukucheka. Naandika kwa sababu kuna kitu unapaswa kukijua.

Jumapili asubuhi Mama alimwomba wifi amchemshie maji. Alioga, akavaa ile nguo ya hariri ya rangi ya maboga aliyojiwekea ya kuzikwa nayo, akajipaka mafuta nywele, akatoka kukaa barazani. Mpunga ulikuwa uani umeanikwa, hakuugusa. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote. "Jeomrye anafikiri sijui tarehe," akaniambia. "Nilimwambia mwana wa jirani anisomee ile barua ya Agosti yote. Saa tisa, siyo?"

Nikamuuliza, "Mama, unaamini?"

Akasema, "Siamini. Lakini kama anakuja naye, mtoto asinikute na matope."

Akakaa pale mpaka saa kumi na moja. Mimi nilikaa naye. Kuanzia saa nane na nusu nami nilikuwa nimechana nywele. Sikuwa na imani, Gihwan, nilikuwa na nywele zilizochanwa tu. Jua lilipofika kwenye ukuta Mama akasema, "Basi, tuanue mpunga," nikamsaidia kusimama.

Sijui huko kwenu ilikuwaje. Nataka ujue hukungoja peke yako.

Yeonsil

*

Incheon, 2 Novemba 1990

Yeonsil,

Tulivaa nyeupe. Mchungaji aliwaomba watu wavue saa za mkononi, tufuate ile ya ukutani. Ilipofika saa tisa kasoro dakika tano tukaanza kuimba, na saa tisa kamili tukawa tunapiga kelele, na saa tisa na dakika kumi bado tunapiga kelele. Kisha sauti zikaanza kupungua, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka chumbani, ila hakuna aliyetoka. Mtu akasema saa ya ukutani inatangulia. Mwingine akasema labda ni saa tisa ya Yerusalemu. Tukangoja hiyo pia. Mtoto wa mtu akasema ana njaa, na harufu ya tambi ilikuwa inapanda kutoka chini, na mama yake akampiga kofi. Hapo ndipo mimi niliposimama. Mchungaji alikuwa amelala kifudifudi karibu na mimbari. Sidhani kama alikuwa tapeli. Alikuwa analia kama mimi.

Sikuweza kuandika kwa sababu ya kitu kilichokuwa kwenye mfuko wangu. Siku moja kabla nilikwenda dukani kumnunulia Sodam viatu. Muuzaji akauliza namba. Nilikuwa nakumbuka namba yake, lakini sikujua kama huko wanakua. Nikahesabu, angekuwa na miaka saba na kitu, nikachukua vya miaka saba. Halafu nikaogopa vitampwaya, nikanunua na soksi nene. Nilirudi nyumbani navyo. Niliviweka mezani, na siku zote hizi nimekuwa nikikaa mbele yake, sili, sifanyi kazi. Ndivyo alivyokufa mtoto wetu kwangu mimi, Yeonsil. Jumapili ile. Kabla ya hapo nilikuwa nimechelewa tu kumpokea.

Bado naamini ataamka. Siwezi kuamini vinginevyo, na usiniombe. Lakini sitamtajia mtu tarehe tena, na sitamwacha aliye hai akinitazama ninapofanya hesabu.

Sodam alikuwa anashika kijiko kwa kushoto. Mwambie dada.

Naomba kuja. Sijui kama nina haki ya kuuliza. Nitafanya kama utakavyosema.

Gihwan

*

Bamgol, 8 Novemba 1990

Gihwan,

Kijiko nilikiweka kulia kwa mazoea ya meza, nikakigeuza siku ile ile. Wifi hakuona.

Jumanne mtoto alianza kucheza tumboni. Mama aliweka kiganja, akasema ana mateke ya Baba yenu.

Ule ukimya wako siwezi kuusamehe kwa barua. Njoo uuseme kwa mdomo, mbele yangu, halafu nitajua kama naweza. Sikuahidi. Chumba cha pilipili ni changu; wewe utalala chumbani kwa Mama. Baba Mdogo anajua unakuja. Amenoa mundu mwingine akauacha hapa barazani.

Viatu vije. Usivifiche wala usivitupe, nataka kuviona.

Jumamosi tutakuwa shamba la chini, tunang'oa kabichi na figili za kachumbari ya majira ya baridi, mia mbili na zaidi, na baridi inakuja haraka mwaka huu. Ukishuka kwenye basi utatuona. Usisimame barabarani kuita majina ya watu. Teremka, uanze kubeba.

Yeonsil